Chakula cha Askari

Dakta Hidaya aliisoma barua ya ufadhili akiwa amesimama mlangoni mwa maabara, kisha akaikunja na kuitia mfukoni mwa koti lake jeupe. Mara mbili wafadhili walimwambia arudi akiwa na matokeo zaidi. Safari hii matokeo alikuwa nayo, lakini fedha zile ni za watafiti ambao hawajapitisha miaka mitano tangu wahitimu, naye ameipita kwa miezi miwili.

Bi Mwanahawa alikuwa keshaketi ndani, kama kila Ijumaa, kitambaa kimebana kichwa kisicho na nywele. Chembe zilizokuwa zikikua kwenye kichupa cha mezani zilitoka katika damu yake. Hidaya alikuwa akizifundisha kuitambua saratani na kuiua, na kila baada ya siku mbili zilitaka kulishwa.

"Hawajambo askari wangu?"

"Hawajambo, mama."

"Wameshajifunza?"

"Wameanza kuuma."

Bi Mwanahawa alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Basi wahimize, mwanangu. Mimi nazidi kupungua."

Hidaya alichukua chupa ya chakula chao, maji mekundu yaliyobaki robo. Bila fedha zile, nyingine isingeagizwa. Akawamiminia kidogo tu, akaweka chupa chini.

Mgonjwa alisogeza uso karibu na kioo cha kichupa. "Mbona leo umewapunja?"

Hidaya aliiinua tena ile chupa, akaimimina yote, mpaka likabaki tone moja lililoning'inia mdomoni, halidondoki.