Rangi Mpya Pembeni

Aili alitaka beleshi jepesi la kusukumia theluji, la kufunga mbele ya pikapu yake ndogo, ili asafishe njia za magari kwenye nyumba za majirani. Lakini muuzaji alimvutia kwenye moja tu, kubwa la manjano, lililofungwa kwenye lori lake.

"Chukua hili, dada. Hayo mengine ni ya watoto kuchezea."

"Zito mno. Litaua springi zangu za mbele."

"Weka mifuko ya mchanga nyuma, litatulia. Au unaogopa kazi?"

Muuzaji alicheka peke yake. Tangu Aili afike, hakuwa ameondoka kwenye pembe ya kulia ya beleshi.

"Basi hebu liinue nione," Aili alisema.

Muuzaji alipopanda kwenye lori lake, Aili akachuchumaa. Chuma chote kilikuwa kimeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, ila pembe ile ilikuwa na rangi mpya. Akaikwangua kwa ufunguo. Chini yake pakatokea bluu yenye ukijani.

Aliijua. Baba yake aliichanganya mwenyewe kupaka mashua yake, na iliyobaki akapaka sanduku la barua lililosimama kando ya barabara, mbele ya nyumba. Februari iliyopita mtu aliyekuwa akiendesha gari aliligonga sanduku hilo pamoja na mzee aliyesimama kando yake, akamwacha kwenye theluji na nyonga iliyovunjika, akaenda zake.

Beleshi likainuka. Muuzaji akachungulia dirishani. "Umelipenda?"

"Sana," Aili alisema. "Niandikie hati ya mauzo. Jina lako kamili, na tangu lini unalo."