Majibu ya Maji ya Uzazi

Mtaa mzima wa Makanyagio hakuna aliyejua kulisoma tumbo la mjamzito kwa kiganja kama Bibi Emerensiana. Alikosea mara moja tu: alisema mmoja, wakatoka wawili.

Mjukuu wake alikwishazika mtoto mmoja, kwa hiyo safari hii daktari alivuta maji ya uzazi kwa sindano, yakapimwe maabara.

Leo nesi akasoma majibu. "Mtoto mzima kabisa."

Mjukuu akalikumbatia tumbo, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mimi wala sikuhangaika," Bibi akasema, akijifunga kanga upya. "Kiganja changu kilishasema. Jana nimeshinda sokoni nachagua dagaa."

Nesi akafungua droo, akatoa rozari iliyochakaa.

"Shikamoo tena, bibi. Hii uliisahau jana kwenye dirisha la maabara, tulipokubembeleza uende nyumbani."