Mtufaa Usiozaa

Mzee Korbinian alipiga shina kwa kisogo cha shoka, akanguruma, "Miaka mitatu unakula ardhi yangu bure. Leo nakukata."

Alinguruma kwa sauti ya kusikika kijiji kizima, kofia ya kanisani kichwani. Ilikuwa asubuhi ya mkesha wa Krismasi, theluji imefika vifundoni.

Kreszenz, mke wa mwanawe, alikuwa jikoni akikanda unga. Maneno yale yalimchoma. Naye alikuwa na miaka mitatu katika nyumba ile, hajazaa, na hakuna aliyemwambia neno. Kumbe walikuwa wakingoja shoka liwasemee.

Mama mkwe wake, Walburga, alikaa dirishani akitazama tu. Kreszenz akamwuliza kama hatamzuia mumewe. Mama akajibu kwamba magoti yake hayaiwezi tena theluji.

Kreszenz akatoka mbio na unga wake mikononi.

Hakuna mti mwingine bondeni uliozaa matufaa kama yale. Tufaa lake lina ganda kavu la rangi ya kutu, mgeni hawezi kulinunua. Ukilila siku ya kuchumwa, unakunja uso. Lakini lilaze darini juu ya majani makavu mpaka Februari, linyauke kama shavu la bibi, ndipo utakapopata asali, na nyuma ya asali, karanga za kukaanga.

Kreszenz akalikumbatia shina.

"Haukatwi. Baba, wewe mwenyewe ulinilisha tufaa lake siku niliyoingia hapa. Ukaniambia tunda hili halitaki haraka. Leo haraka umeitoa wapi?"

Mzee akainua shoka juu zaidi. Akauliza ni nani atakayeudhamini mti mzee kama huu.

"Mimi. Mwakani utazaa. Na kama shoka lako lina njaa, lianze na mimi, maana najua unayemsema."

Mzee akalishusha shoka taratibu. Akavua kofia, akauinamia mti.

"Umeombewa, bibi," akauambia. "Mwakani uzae."

Nyuma ya ua majirani waliokuja kutazama wakapiga makofi. Walburga akaja akichechemea, ameshika kamba ya majani makavu ya kuuvika mti, akamkabidhi Kreszenz.

"Hata mimi mara yangu ya kwanza hawakuniambia kwamba shoka la mkesha ni desturi tu, ya kuutisha mti uzae," alisema. "Mti unamjua anayeigiza. Haya, uvike, mama mwenye nyumba."