Shikaneni Mikono

Mume alikataa kuuachia mkono wake hata mwanamke alipotaka kujikuna pua.

"Jikune na ule mwingine," alisema.

Ule mwingine ulikuwa umekumbatia mkoba kifuani, kama walivyoagizwa. Mwanamke akaiacha pua iwashe.

Asubuhi ile, kabla ya kuwashusha mlangoni mwa jengo la maduka, mama yake Mume aliwasomea sheria zake kama kawaida. Shikaneni mikono. Mkoba mbele, si mgongoni. Msinunue kitu kabla ya kutazama tarehe ya kuharibika. Anayekuita pembeni akuonyeshe cha bei rahisi, huyo mwizi. Mkipotezana, msihangaike huku na huku: mtu asimame pale pale alipo, amwambie mlinzi.

Kisha akamgeukia Mume peke yake. "Usimwachie. Hata chooni, msubiri mlangoni. Unamjua mwenyewe."

"Namjua," Mume alijibu, kifua mbele.

Mwanamke alikuwa kwenye kiti cha nyuma, anasikia anavyosemwa kama mzigo wa kupokezana.

Hakuwa mzigo. Alikuwa na nyumba yake, na cherehani yake, na wateja waliojua kugonga dirisha lake. Sufuria moja tu iliungua. Moja! Moshi ukatoka dirishani, majirani wakapiga kelele, na kesho yake mama yake Mume akaja na gari, akamfungia virago, akamweka chini ya paa lake. Tangu hapo lango hufunguliwa na mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo si yeye. Akitaka kwenda hata kwa jirani, lazima Mume aandamane naye. Usiku ukiingia, Mume hulala ubavuni kwake, kamtupia mguu juu kama komeo.

Lakini ufunguo wa nyumba yake mwenyewe alikuwa ameushonea kwenye pindo la gauni. Na basi la kule lilisimama mbele ya mlango wa nyuma wa jengo hili hili. Siku nyingi alilitazama likiondoka bila yeye. Leo ndiyo leo.

Dukani, Mume alilisimamisha toroli mbele ya maziwa ya kopo.

"Yale ya juu. Chukua wewe."

Akachukua.

"Soma tarehe."

Akalisogeza kopo mbali na macho, akasoma.

"Soma vizuri, mke wangu. Usije ukatuua."

Watu waliokuwa nyuma yao wakacheka. Yeye hakucheka.

Walipopita duka la saa, muuzaji alichungulia mlangoni. "Karibu, mrembo. Kuangalia ni bure."

"Ana mwenyewe huyu!" Mume alifoka.

Muuzaji akapiga saluti. "Nimekoma, bwana mkubwa. Sikujua."

"Na wewe usiwe unawachekea," Mume alimwambia walipofika mbele, na akanuna mpaka juu ya ngazi za umeme.

Hapo ndipo mwanamke alipopiga moyo konde.

"Nataka kujisaidia."

"Twende."

"Ni choo cha wanawake."

Mume alifikiri. Heshima yake na agizo la mama yake vilipigana mieleka usoni pake. "Mimi mwanamume, siingii humo," alisema mwishowe. "Nakusubiri hapa. Ukichelewa nitakuita kwa sauti, watu wote wasikie."

Jambo ambalo Mume hakulijua ni kwamba choo kile kilikuwa na milango miwili, na wa pili ulitokea upande wa basi.

Karibu na mlango alikaa mlinzi, dada mnene mwenye redio ya mkononi. Mwanamke alimwinamia.

"Dada, nitupie jicho kwa huyu mume wangu. Asibanduke hapa, asije akanifuata."

Mlinzi alimtazama Mume, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Ana wivu hivyo? Nenda, mama. Huyu hanitoki."

Mume akaachia. Vile vidole viwili alivyokuwa amevishika vilikuwa vimelowa jasho.

Mwanamke aliingia kwa mlango huu, akatoka kwa ule. Hakukimbia, magoti yasingekubali. Alipita duka la viatu, akapita duka la mapazia, akashuka ngazi, mkoba kifuani, kila amwonaye anamwona kama askari. Njiani alijitetea moyoni. Mama yake Mume atakuja kumchukua mwanawe adhuhuri, atamkuta pale pale na mlinzi wake. Atalia? Alie tu. Cheo cha mke alipachikwa, hakukiomba. Yeye anataka kulala peke yake, kuamka peke yake, na kuunguza sufuria zake mwenyewe.

Mlango wa kioo ulijifungua wenyewe mbele yake. Upepo wa nje ukampiga usoni. Basi lilikuwepo, mlango wazi, injini inanguruma. Dereva alimwona, akampungia mkono aharakishe.

Aliweka mguu mmoja nje. Vipaza sauti vikakoroma juu ya kichwa chake.

"Tangazo, tangazo. Tunaye mtoto wa kiume, miaka sita, meno ya mbele hana. Amesimama penye mlango wa choo, hataki kubanduka, anasema sheria ni kusimama pale pale. Anamtafuta bibi yake mzaa mama. Ana mvi, kashika mkoba kifuani. Bibi, popote ulipo, njoo upesi. Mumeo analia."

Dereva alipiga honi. Yeye alikuwa ameshageuka, anakimbia, magoti yapende yasipende.