Pikipiki Inayokunywa Oili

Fundi hakuhitaji hata kuinua kichwa. Moshi ulitangulia kuingia gereji, wa buluu, mzito, unaonuka oili iliyoungua, na mafundi wenzake wakaanza kukohoa kwa makusudi. Pikipiki yenyewe ikafuata nyuma, inabweka kama mbwa mgonjwa.

"Karibu, Jiko," alisema fundi.

Gereji nzima ikaangua kicheko. Mwenye pikipiki, mwanamume mpole wa makamo aliyefunga vifungo vya shati hadi kooni, alizima injini na kuwasalimia kana kwamba jina hilo ni lake tangu kuzaliwa.

"Inakula oili, fundi. Naongeza, inakwisha. Naongeza tena, inakwisha."

"Na wewe kazi yako kuongeza tu." Fundi aliizunguka pikipiki amekunja pua. Watu wa namna hii walimtia kichefuchefu. Kwake yeye, mtu asiyejua kinachoendelea ndani ya injini yake mwenyewe hakustahili kumiliki hata baiskeli. "Tangu lini inafuka hivi?"

"Zamani. Nilikuwa sijali."

"Inaonekana. Haya, niambie: inafuka asubuhi ukiiwasha kisha inaacha, au inafuka zaidi ukivuta mafuta?"

"Ikipanda kilima ndiyo inazidi. Ninakokaa ni mlimani."

"Basi tatizo si sili za valvu peke yake. Ni ringi za pistoni."

Alilisema hilo kwa sauti ili wote wasikie. Akafungua plagi, ilikuwa nyeusi, imelowa oili. Akachomeka geji ya kupimia mgandamizo, akapiga kiki. Sindano ilipanda kwa uvivu na kuishia njiani. Akamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, akapiga kiki tena. Safari hii sindano iliruka juu.

"Umeona? Oili imeziba pale ringi zilipokwisha. Kumbe upepo ulikuwa unapenya, na oili inapanda kuungua. Hata mtoto wa chekechea angeelewa. Wewe umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa, lakini si kitu." Fundi alifuta mikono. "Naweza kukubadilishia ringi tu, moshi upungue. Au tuchonge silinda, tuweke pistoni mpya na sili mpya, uishe kabisa."

"Uishe kabisa. Na huo mlio wa ekzosi pia. Nimechoka kutangazwa mtaa mzima kabla sijafika."

"Masikini, Jiko anaona haya," alisema mmoja wa mafundi, na kicheko kikaanza upya.

Mteja alisema atasubiri hapohapo. Kazini alishaomba ruhusa. Alikaa juu ya kreti lililogeuzwa, mikono magotini, akamtazama fundi akivua kichwa cha injini, kisha silinda, kisha pistoni iliyochubuka ubavu mzima. Silinda ilipopelekwa kuchongwa karakana ya jirani, hakwenda hata kunywa maji. Alitazama tu, na hakuwa akitazama injini. Alikuwa akimtazama fundi: mikono yake, shingo yake, jinsi anavyocheka. Fundi alidhani ni ushamba.

Aliuliza swali moja tu mchana kutwa.

"Leo unafunga saa ngapi?"

"Mapema. Kuna mtu ananisubiri na chai. Unadhani wanaume wote ni kama wewe, wa kushinda juu ya kreti?"

"Vizuri," alisema mteja.

Pamoja na dharau zake, fundi hakuwa mtu wa kulipua kazi. Alipanga ringi moja moja, mianya yake isikutane. Alifunga sili mpya, akachomelea ekzosi palipotoboka, akabadilisha gasketi pia. Alipoiwasha, moshi kidogo wa oili iliyobaki ndani ya ekzosi ulitoka, ukapungua, ukaisha. Akashika kitambaa cheupe mbele ya ekzosi na kuvuta mafuta. Kitambaa kilibaki cheupe. Injini ilikuwa inazunguka kama cherehani.

"Hata ukiipitisha chumba cha mgonjwa, haamki," alijisifu. "Usiikimbize siku za mwanzo."

"Nitakwenda taratibu." Mteja alimshika mkono, akachelewa kidogo kuuachia. "Ahsante, fundi. Umenisaidia kuliko unavyojua."

Alipotoka, fundi alitema mate chini. "Mtu kama yule," aliwaambia wenzake, "hata mbuzi wake akipata mlango wazi, anamhama."

Alinawa mikono kwa sabuni ya unga hadi weusi ukatoka kwenye kucha, akavaa shati safi, akafunga boksi la spana. Njiani alikuwa bado anatabasamu. Alipofika alipita mlango wa uani kama kawaida yake, akavua viatu na kuviingiza ndani. Bibie alikuwa ameshatandika meza. Fundi alijitupa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, akapokea kikombe.

"Leo nimeletewa zezeta moja, hujapata kuona—"

"Habari za gereji ziache hukohuko," bibie alimkatiza akicheka, akakaa karibu naye. "Hata hivyo bado unanuka petroli."

Fundi naye alicheka. Alikuwa amefikisha kikombe mdomoni aliposikia komeo la geti likigonga kidogo. Akageuza shingo.

"Nani huyo?"

"Upepo tu. Kunywa chai yako." Bibie alisogeza pazia kwa kidole, akachungulia barabara yote hadi chini. "Mume wangu hawezi kunishtukiza. Ile pikipiki yake ikianza tu kupanda kilima, moshi nauona kutoka hapa."

Fundi aliweka kikombe chini. Kitasa cha mlango wa mbele kilikuwa kinazunguka.