Ufito wa Ndani

Mbwa wao alikuwa ameanza kuparura sakafu ya jikoni akitafuta pa kuzalia, kwa hiyo Anaeli akaharakisha kumalizia kisanduku. Mbao nne zilikuwa tayari. Akachukua ufito, akaushikiza kwa ndani, akiacha uwazi wa kiganja kati yake na ubao.

"Huo wa nini?"

Ni Ndeanka, mkewe, amesimama mlangoni. Tangu wamzike mtoto wao Kisali, alikuwa akijibu tu, kuuliza aliacha. Furaha ya kumsikia ikamponza Anaeli.

"Wa kukinga watoto," akasema mbio. "Mama akichoka hulala fofofo, akamlalia mtoto bila kujua. Sasa huu unamwachia mtoto nafasi ya—"

Kisali alikutwa alfajiri chini ya ubavu wa mamaye, na tangu siku ile hakuna aliyelitamka neno ‘kulalia’ ndani ya nyumba.

Ndeanka hakulia. Alikuja akachuchumaa, akapenyeza mkono katika ule uwazi, akaupitisha taratibu toka pembe hadi pembe.

"Kumbe ni kijiti tu," akasema.

Anaeli akainamia misumari yake, asione hata mmoja.

Mbwa akaingia kisandukuni akiburuta tumbo, akajizungusha, kisha akajibwaga kwa uzito wake wote, mgongo kwenye ufito. Mkono wa Ndeanka ulikuwa bado upande wa pili, katika ule uwazi. Hakuutoa.