Bastola Bustanini

Mkewe alipotokea kwenye televisheni, Denzil Rademaker alisogeza kiti mbele mpaka magoti yakagonga meza. Nadine alikuwa amekata nywele. Tena amevaa gauni la kijani ambalo Denzil hakuwahi kuliona, na mwanamke hanunui gauni jipya kwa ajili ya kwenda kusikiliza madiwani wakibishana. Wivu ulimpanda, akasukuma kando sahani ya chakula cha jioni.

Kilichobishaniwa ni bastola. Halmashauri ya Cutler Bend, mji wa ng'ambo ya mto, ilitakiwa iamue kama watu waendelee kuingia na silaha walizozificha mwilini au mikobani katika bustani ya umma ya ziwani, penye bembea za watoto na uwanja wa mpira. Ukumbi ulifurika. Waliokosa nafasi walifuatilia kwenye kituo cha televisheni cha mji, kituo ambacho siku nyingine hakina mtazamaji ila paka aliyelalia rimoti.

Moto huo aliuwasha Denzil, ingawa jina lake halikutajwa popote. Muuza bunduki mmoja alikuwa ameropoka baa kwamba Nadine kanunua bastola ndogo, na kila asubuhi anazunguka ziwa nayo mkobani. Denzil mwenyewe hakuthubutu kwenda kuona. Alichofanya ni kumnong'oneza Arlene, mama mtu mzima anayefanya naye kazi kwenye kiwanda cha kuku, kwamba siku hizi kuna watu wanakaa na bastola palepale wanapochezea wajukuu zake. Arlene hakungoja kuambiwa mara mbili. Wiki haikuisha, akina mama wa kanisani kwake wakawa wanagonga milango kutafuta sahihi za kutaka bastola zipigwe marufuku bustanini.

Simu ililia. Alikuwa Arlene, akipiga kutoka ukumbini.

"Mwanangu, uko wapi? Nimekuwekea kiti."

"Mgongo, mama. Hata gari siwezi kuendesha."

"Maskini. Basi pumzika, tutakusemea."

Denzil alikata simu, akarudisha macho kwenye kioo. Mzee Virgil Oakes alikuwa ameshika kipaza sauti. Mwenyekiti, Leota, ni dada yake wa tumbo moja, lakini kwenye mikutano ya mji huo hata malaika angeshuka angeulizwa.

"Jina na anwani," Leota alisema.

"Leota, Jumapili umekula kwangu."

"Jina na anwani, kwa kumbukumbu."

Watu wakacheka. Mzee akajitaja, akataja Barabara ya Kinu na namba ya nyumba, ndipo akaruhusiwa kueleza jinsi bastola ya babu yake ilivyomwokoa na nyoka. Akafuata mama mmoja kijana, naye akaanza na jina na anwani, kisha akauliza bastola ikidondoka kwenye mkoba karibu na bembea, mtoto atakayeiokota nani atamlipa mama yake.

Denzil hakuwa na habari na nyoka wala bembea. Alikuwa anamkodolea diwani Coy Haskett, mwanamume wa meno yaliyopangika, aliyetetea bastola kwa moyo wote. Kila aliposema "haki ya mtu kujilinda", macho yake yalikwenda safu ya tatu, alikokaa Nadine. Mara moja Nadine akamtabasamia.

"Ni huyu," Denzil aliiambia televisheni. "Huyu ndiye mnunua magauni."

Ushahidi hakuwa nao, lakini tangu lini wivu ukaomba ushahidi? Ukishaingia, hata mtu akipiga chafya unasikia ametaja jina la mkeo. Denzil hakutaka makubwa. Alimtaka mkewe, awe wake peke yake, kama alivyoapa mbele ya mchungaji. Tangu mkutano uanze alikuwa anatafuna kalamu, na alikuwa na subira, kwa sababu alimjua Nadine: mguse haki yake uone kama atanyamaza.

Na kweli, hakunyamaza. Alisimama, akaenda mbele. Lakini kabla ya kufungua kinywa aligeuka, akawakagua watu uso kwa uso, safu baada ya safu, mpaka kwenye mlango wa nyuma. Denzil akaisogelea televisheni. Diwani wake si huyo yuko mbele yake, sasa anamtafuta nani tena? Kwani wako wangapi?

Nadine hakumwona aliyekuwa anamtafuta. Mabega yakamshuka, akashusha pumzi. Kamera iliyotundikwa juu ya saa ya ukutani hakuitazama.

"Jina na anwani, mama," alisema Leota.

Nadine akasita.

"Kwa kumbukumbu tu, mwanangu. Hata kaka yangu kataja."

Ukumbi ukacheka tena, na Nadine akacheka nao.

"Nadine Rademaker," alisema. "Mtaa wa Mierebi, namba ishirini na saba. Nyumba ya uani."

Denzil aliandika kwenye kiganja. Alisimama bila kushika mgongo, akavaa koti, akachukua funguo za gari zilizokuwa zinamsubiri kando ya sahani. Alipofungua mlango, sauti ya mkewe ilikuwa inaendelea nyuma yake.

"Mimi si mtu wa bunduki, jamani. Hiyo bastola ninaibeba kwa sababu ya mume wangu. Hakimu alimkataza asinikaribie, hakusikia, nimehama na kuhama. Namshukuru Mungu, safari hii hajui ninapoishi."